Shajara ya mradi: mlango wa kuingilia Zabbix ya skuli yetu, Chake Chake

Skuli yetu ina majengo matatu: utawala, maabara ya kompyuta, na dakhalia iliyo ng'ambo ya bonde. Utawala na maabara zimeunganishwa kwa waya. Dakhalia inapata mtandao kwa redio mbili zinazotazamana juu ya minazi. Kitu kikikatika, habari hunifikia kwa mtoto aliyetumwa: "Maalim, mtandao haupo." Haupo wapi, tangu saa ngapi, ni redio au ni swichi, hakuna ajuaye. Nashika ngazi, naanza kuzunguka.

Ndiyo maana nikaamua kuweka Zabbix, chombo huru cha kuangalia mtandao kilichoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa mara ya kwanza 2001. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kuviunganisha vifaa. Kumbe kazi iliyokula wiki zangu ni kuingia: kufungua brauza, kuandika jina na neno la siri, na kufika ndani. Naandika kwa urefu pale nilipokwama, ili mwalimu au fundi wa skuli nyengine asikwame papo hapo.

3 Agosti 2024, Jumamosi: vifaa

Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja, nitaiita Pi) yenye memori ya GB 4, pamoja na kasha na chaja, imenigharimu TZS 260,000 hadi kunifikia kwa boti. Kadi ya kuhifadhia data ya GB 32, TZS 25,000. Nimeiandaa nyumbani Wete: mfumo wa Raspberry Pi OS unaotokana na Debian 11, Zabbix 6.0, MariaDB ya databesi na Apache ya kuonyesha kurasa. Maelekezo ya Zabbix yenyewe yanatosha, sina la kuongeza isipokuwa moja. Ukurasa wa kusanidi unapouliza saa za eneo, usitafute Zanzibar kwenye orodha, haimo. Chagua `Africa/Dar_es_Salaam`.

Kwenye ruta na swichi nimewasha SNMP, lugha ya vifaa kueleza hali zao, nikabadilisha neno lake la siri la kiwandani, `public`. Zabbix inavisoma kupitia mlango wa mtandao wa UDP, namba 161. Hadi hapa kila kitu kimekwenda.

10 Agosti: Admin kwa A kubwa

Pi iko skulini, ndani ya kabati la utawala. Ukurasa wa kuingia umefunguka kwenye `http://10.20.0.5/zabbix`. Nikaandika `admin`, jina nililozoea kwenye kila ruta. Imekataa. Nikajaribu maneno ya siri mengine manne, imekataa. Nikakumbuka kusoma kwamba jina ni `Admin` kwa A kubwa, nikarudi kuyajaribu upya yale yale na jina hilo. Imekataa. Mwisho nikafungua maelekezo, nikakuta neno la siri la mwanzo ni `zabbix`. Nikaandika `Admin` na `zabbix`, herufi kwa herufi. Imekataa vilevile.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilijiambia kwamba usakinishaji wangu umeharibika, nikafuta databesi na kuijenga tena. Jioni nzima imekwenda, na haikuwa na sababu.

Ukweli ni huu. Ukishindwa mara tano mfululizo kwa jina lililopo, Zabbix huifunga akaunti hiyo kwa sekunde 30. Ujumbe unaotokea ni mmoja kwa hali zote: jina au neno la siri si sahihi, au akaunti imefungwa kwa muda. Nilikuwa nimekosea mara tano kwa `Admin`, na jaribio la sita, lililokuwa sahihi, likaangukia ndani ya zile sekunde 30. Nikalihukumu neno la siri sahihi kuwa ni baya.

Nimelijua hili baadaye, niliporudia makosa yale yale makusudi na kuchungulia jedwali la `users` ndani ya databesi. Safu ya `attempt_failed` ilisoma 5. Nikatoa mkono kwenye kibodi, nikahesabu nusu dakika kwa saa ya mkononi, nikajaribu tena. Nikaingia. Kwa hiyo: ukikataliwa mara tano, simama. Usifute chochote.

Neno la siri la kiwandani nimelibadilisha papo hapo, kwa kuwa linajulikana dunia nzima.

24 Agosti: kadi imekufa

Umeme wetu Pemba huvuka bahari kutoka Tanga kwa waya ulioanza kazi 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha, na anayeikumbuka enzi hiyo hawezi kuulalamikia waya. Hata hivyo umeme hukatika, na ukikatika haukuulizi kama ulikuwa unaandika databesi.

Jumatano umekatika mara tatu ndani ya saa moja. Uliporudi, ukurasa wa Zabbix ukaonyesha hitilafu ya databesi badala ya visanduku vya jina na neno la siri. MariaDB haikuwaka, na kadi ilikuwa imejaa faili zisizosomeka. Nakala ya akiba sikuwa nayo. Kazi yote ya wiki mbili imepotea.

Nimenunua diski ya SSD ya GB 120 na kasha lake la USB, TZS 85,000, na Pi sasa inawaka kutoka humo. Nimeanza upya. Safari hii kila usiku databesi inajinakili kwenye kompyuta ya afisi. Kama unasoma hapa kabla hujaanza, ruka kadi kabisa, anza na SSD.

7 Septemba: neno la siri lililopotea

Hili ni kosa langu na nataka lieleweke vizuri. Niliposakinisha upya, niliweka neno la siri refu la `Admin` nikiwa kwenye kompyuta moja ya maabara, nikairuhusu brauza ilihifadhi. Kompyuta za maabara tumezifunga zirudi hali ya mwanzo kila zinapowashwa, ili wanafunzi wasiziharibu. Nimelifunga mwenyewe jambo hilo mwaka jana. Asubuhi yake brauza haikukumbuka chochote, wala mimi.

Dawa ni kuandika neno jipya moja kwa moja kwenye databesi. Zabbix haihifadhi neno lenyewe, huhifadhi hashi yake ya bcrypt, yaani neno lililosagwa lisiloweza kurudishwa, mfuatano wa herufi 60 unaoanza na `$2y$10$`. Nilitengeneza hashi kwa `htpasswd -nBC 10 Admin`, nikaikata sehemu inayofuata nukta mbili, kisha nikaandika amri hii kwenye terminali:

`sudo mysql zabbix -e "UPDATE users SET passwd='$2y$10$...' WHERE username='Admin'"`

(Vinukta vinasimama badala ya hashi nzima.) Amri imepita kimya. Nikaenda kuingia, nikakataliwa. Nikangoja sekunde 30, nikakataliwa. Nikatengeneza hashi ya pili, nikakataliwa tena. Nikahisi ya tarehe 10 yanarudi, na mkono ukaanza kuwasha kutaka kufuta.

Nikajizuia, nikauliza swali dogo kwanza: kilichoandikwa kina urefu gani?

`SELECT LENGTH(passwd) FROM users WHERE username='Admin';`

Jibu: 46. Hashi ya herufi 60 imeingia na herufi 46. Nikaitazama yenyewe. Badala ya kuanza na `$2y$10$`, ilianza na `y0`.

Mla herufi ni terminali. Ndani ya alama za nukuu mbilimbili, terminali inaichukulia kila `$` kuwa ni mwanzo wa jina la kitu cha kujazwa. Ilitafuta `$2`, haikukuta kitu, ikaacha pengo. Ikatafuta `$1`, ikaacha pengo, ikabaki `0`. Ikaimeza `$` ya tatu pamoja na herufi zilizofuata mpaka ilipokutana na mkwaju. MariaDB ikapokea mabaki na kuyahifadhi kwa uaminifu.

Dawa: ingia kwanza ndani ya MariaDB kwa `sudo mysql zabbix`, ndipo ubandike mstari wa UPDATE huko ndani, ambako `$` ni herufi kama nyengine. Kisha pima urefu. Ukiona 60, nenda ukajaribu. Nimeingia kwa jaribio la kwanza. Na kwenye `WHERE`, A ya Admin ibaki kubwa. Databesi ya Zabbix inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ukiandika `admin` hakuna mstari utakaobadilika na hakuna atakayekwambia.

Neno la siri sasa limeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, kwenye kabati la chuma la afisi ya mwalimu mkuu.

14 Septemba: mwenzangu anaingia, haoni kitu

Sitaki watu wawili watumie `Admin`. Nimemfungulia mwenzangu wa maabara akaunti yake ya kuangalia tu. Toleo la 6.0 linadai neno la siri la herufi nane au zaidi na linakataa maneno mepesi, jambo jema. Akaingia bila shida, kisha akaniita.

"Mwalimu, nimefika. Lakini humu hamna mtu."

Ukurasa mtupu: hakuna ruta, hakuna swichi, hakuna redio. Akaunti ya kawaida haioni kifaa chochote mpaka kundi lake la watumiaji lipewe ruhusa ya kusoma kundi la vifaa. Ruhusa haiwekwi kwa mtu, inawekwa kwa kundi. Dakika tano, imekwisha.

Pia nimeifungia Apache ipokee kompyuta za afisi tu. Ukurasa unatumia http ya kawaida, na sipendi neno la siri lipite wazi kwenye mtandao ule ule walioko wanafunzi.

28 Septemba: kuingia kutoka Wete

Mtandao wa dakhalia hukatika zaidi usiku, wakati wa masomo ya jioni, na mimi niko Wete. Kampuni inayotupa intaneti haitupi anwani yetu wenyewe ya umma, kwa hiyo kuifikia Pi moja kwa moja kutoka nje haiwezekani. Na hata ingewezekana nisingefanya. Ukurasa wa kuingia ukiwa wazi kwa dunia, hautakaa siku bila mtu kuujaribu.

Nimekodi seva ndogo ya nje kwa dola 5 kwa mwezi. Pi inaipigia seva hiyo kwa WireGuard, programu ya kufungua njia ya siri ndani ya intaneti, na simu yangu inaipigia seva hiyo hiyo, tukakutana hapo. Kwenye Pi nimeweka `PersistentKeepalive = 25`, ili ruta zilizoko njiani zisiisahau njia. Saa tatu usiku, nikiwa barazani kwangu, niliingia Zabbix ya skuli kwa simu na kuona redio ya dakhalia ikiwa kijani. Nilimpigia mlinzi wetu kumuuliza kama watoto wanaendelea na masomo. "Wanasoma, mwanangu, kimya." Furaha ya usiku ule sikuificha.

19 Oktoba: mlango unaofunga na kufunguka wenyewe

Furaha haikukaa. Tangu mwanzo wa mwezi, umeme ukikatika skulini na kurudi, siwezi kuifikia Zabbix kutoka nyumbani. Wenzangu walioko skulini wanaingia kama kawaida. Mimi ukurasa haufunguki. Kisha, bila mtu kugusa, unafunguka. Nimeandika muda wa kungoja mara tatu: dakika 38, dakika 11, dakika 52. Hauna mpango.

Niliyojaribu:

Kuizima Pi kwa amri na kuiwasha. Njia inarudi mara moja. Nimefanya mara sita, mara sita imerudi. Kwa hiyo si mpangilio wa kuwaka.

Kuianzisha upya WireGuard kwenye seva ya kukodi. Inarudi mara moja pia. Tarehe 5 niliandika kwenye daftari "imetengenezeka". Haikuwa imetengenezeka.

Kubadilisha funguo. Haikusaidia.

Kilichonisumbua ni tofauti hiyo: nikiizima mimi, mlango unafunguka, umeme ukiizima, haufunguki. Kuna nini ambacho kuzima kwa adabu kunafanya na kukatika hakufanyi?

Jumanne nikawasha kumbukumbu za ndani za WireGuard kwenye seva ya kukodi. Zikasema salamu za Pi za kufungua njia zinafika, lakini zinakataliwa kuwa si halali. Funguo ni zile zile za jana. Jioni hiyo hiyo nikiwa bado skulini, nikatupia jicho grafu ya redio. Pembeni yake Zabbix inasema saa 9 na dakika 52. Saa ya ukutani ya afisi inasema saa 12 na dakika 40.

26 Oktoba: ni saa

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, haijui muda umepita kiasi gani. Programu iitwayo `fake-hwclock` huandika muda kwenye faili mara moja kila saa, na tena inapozimwa kwa adabu. Ikiwaka, inaanzia pale ilipoandika mwisho, mpaka iulize muda sahihi kwenye intaneti.

Sasa WireGuard. Kila salamu ya kufungua njia hubeba muda, na upande wa pili unaukumbuka muda wa salamu ya mwisho. Salamu yenye muda wa nyuma zaidi inakataliwa kimya, kwa sababu inaweza kuwa ni ya mwizi aliyeirekodi na kuirudia. Umeme ukikatika dakika 38 baada ya Pi kuandika muda wake, Pi inaamka ikiwa nyuma ya salamu yake ya mwisho kwa dakika 38. Inapiga hodi kwa salamu za muda uliopita, seva inazikataa, mpaka saa ya Pi itembee hizo dakika 38 na kuupita muda wa salamu ya mwisho. Ndipo mlango unafunguka wenyewe. Kungoja hakuzidi saa moja, kwa kuwa muda unaandikwa kila saa. Namba zangu zote tatu ziko chini ya 60. Na kuianzisha upya seva kulifanya kazi kwa sababu kulifuta kumbukumbu yake.

Ila kwa nini Pi haikuuliza muda sahihi kwenye intaneti? Inauliza. Maombi hayo huelekea mlango wa UDP 123, na kwenye ruta kuna sheria niliyoiweka mwenyewe mwaka jana, nilipokuwa nafunga milango nisiyoijua kazi yake. Mlango 123 umo. Pi haijawahi kurekebisha saa yake tangu ilipotoka Wete, na kila umeme ulipokatika imebaki nyuma zaidi.

Nimeifuta sheria hiyo. Saa imejirekebisha chini ya dakika moja.

Hilo peke yake lingetosha siku nyingi, lakini umeme unaweza kurudi kabla ya intaneti. Kwa hiyo nimeongeza moduli ya saa, DS3231, pamoja na betri yake ya CR2032, TZS 18,000. Ni ndogo kuliko kiberiti. Inakaa kwenye pini za kwanza za Pi: umeme wa volti 3.3 kwenye pini ya 1, nyaya mbili za mawasiliano, SDA ya 3 na SCL ya 5, ardhi ya 9. Nilipolifungua kasha nilikuta ncha za pini zimeshaanza ukijani wa chumvi, miezi miwili tu tangu ifike. Nimezisugua kwa brashi ya meno na spiriti kabla ya kuichomeka.

Mpangilio: mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/config.txt`, kisha kuiondoa `fake-hwclock`, na kuifuta ile sehemu ya `/lib/udev/hwclock-set` inayoisimamisha kazi chini ya systemd, programu inayouwasha mfumo. `i2cdetect -y 1` ikionyesha 68, moduli imeonekana. Ikionyesha UU, imeshashikwa na mfumo, na hiyo ndiyo hali unayoitaka.

Nilisahau hatua moja. Nilipoisoma kwa `hwclock -r`, ikaniambia 1 Januari 2000. Moduli mpya haijui tarehe mpaka uiambie. Hakikisha kwanza saa ya Pi ni sahihi, kisha `sudo hwclock -w`, kisha isome tena. Usiizime Pi kabla ya hapo.

9 Novemba: hali ilivyo

Alkhamisi usiku umeme umekatika Chake Chake saa mbili na robo, ukarudi saa tatu kasoro dakika tano. Nilikuwa Wete, simu mkononi. Saa tatu kasoro dakika mbili niliandika jina langu na neno langu la siri, nikaingia. Ruta kijani, swichi kijani, redio ya maabara kijani. Redio ya dakhalia nyekundu. Nikampigia mlinzi.

"Babu, shikamoo. Naomba ukaiangalie ile chaja nyeupe nyuma ya mlango wa dakhalia."

"Marahaba. Ngoja." Nikamsikia akitembea, kisha akicheka. "Mtoto kachomoa, kachomeka simu yake."

Dakika moja baadaye ikawa kijani.

Gharama hadi leo: Pi TZS 260,000, kadi iliyokufa 25,000, SSD 85,000, moduli ya saa 18,000, jumla TZS 388,000, mbali na dola 5 za kila mwezi. Kilichobaki ni UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme unapokatika) ya kabati la utawala, ambayo mwalimu mkuu ameiahidi muhula ujao, na kipande cha ubao wa kufunika ile soketi ya dakhalia. Ubao tayari ninao, naupeleka Jumatatu.